Kaburi la Mgomba

Nilikuwa nimeshaondoka Ukunda. Furushi lilikuwa begani, nimeshapita Mwabungo kwa miguu na kufika Gazi, nikaketi kwenye benchi la mama mmoja muuza mahamri ili ninywe chai kabla ya kuendelea na njia ya Msambweni hadi Vanga. Huko Vanga kuna mtu alikuwa ameniahidi kazi ya kuezeka makuti. Sikuwa nimegombana na mtu. Nilikuwa nimekaa Ukunda miaka minne nikilinda kanisa dogo la mabati na kutengeneza mabenchi yake, na miaka minne mahali pamoja ni mingi kwa miguu yangu.

Sijamaliza hata hamri la kwanza, pikipiki ikasimama. Aliyeteremka ni Seth, kijana wa bara anayetembeza watalii Diani siku za kazi na kufundisha watoto kanisani siku ya Jumapili. Aliniamkia shikamoo, akamwamkia na mwenye mahamri, kisha akaniambia kwamba Gillian amekataa kubatizwa.

"Anasema hadi aongee na wewe, Babu. Ana swali moja tu."

"Swali gani?"

"Anataka kujua ni nani aliyezikwa katika kaburi la babake."

Niliweka kikombe chini. Mwenye mahamri, ambaye jambo lenyewe halikumhusu, aliniongezea chai bila kuulizwa.

Inabidi nieleze kaburi hilo. Babake Gillian aliitwa Austine. Alikuwa baharia katika mashua ya kuwapeleka wageni kuvua samaki wakubwa kule kwenye maji marefu. Siku moja mashua ilipinduka. Wenzake waliokolewa, yeye hakuonekana. Alitafutwa ufuo mzima hadi Funzi na Shimoni, akatafutwa na watu wa mashua na watu wa mitumbwi, na hata kiatu hakikupatikana. Miezi ikapita, kisha ukoo wake huko bara, upande wa Butere, ukasema mtu hawezi kuachwa bila kaburi. Wao wana desturi yao: mwili usipoonekana, hukatwa mgomba wenye urefu wa mtu, ukavishwa nguo za marehemu, ukatiwa ndani ya jeneza na kuzikwa kwa maombi kama mtu. Wanasema bila hivyo nyumba haitulii.

Kanisa letu lilituma watu wachache waende na mjane, Concepta. Na mimi nilikwenda, maana safari sijawahi kuikataa. Mama mkwe wake alitoa amri kwamba watoto wasijue. Siku hiyo waliwekwa jikoni na sufuria ya maandazi hadi kaburi lilipofukiwa, ndipo wakaletwa kuweka maua. Gillian alikuwa na miaka minane. Akaambiwa baba amelala hapo, na iko siku atamwona.

Miaka mitatu ikapita, naye Seth akaja na mpango wake. Alisema amechoka kuwaimbisha watoto tu. Hapa Ukunda mtoto wa Kikristo anakaa darasani na watoto wa Kiislamu ambao wamesomeshwa madrasa tangu wadogo na wanajua kuuliza. Mtoto akiulizwa, ati ulijuaje kwamba Yesu alifufuka, hawezi kujibu kwa wimbo. Kwa hiyo Pasaka ilipokaribia akawageuza watoto askari wa upelelezi. Kesi ilikuwa moja: kaburi limekutwa tupu, mwili uko wapi? Akawafundisha namna ya kuuliza. Shahidi mmoja hatoshi. Mashahidi hawaulizwi pamoja, wasije wakapeana maneno. Tafuta mtu aliyekuwepo mwenyewe, na ikiwezekana asiwe wa ukoo.

Watoto waliipenda kesi hiyo kupita kiasi. Mimi nilikuwa nyuma nikipiga randa benchi, nikawasikia. Mapenzi, kijana mmoja mwenye mdomo, alisema wale wanawake walikwenda alfajiri na giza, wakakosea kaburi. Kahaso, ambaye wazazi wake wanafuga mbuzi huko Kinango, akamwambia mwanamke aliyemzika mtu juzi hawezi kukosea, labda Mapenzi ndiye anayekosea hata mlango wa choo. Mwingine akasema wanafunzi waliuiba mwili. Mwingine akauliza, kama waliuiba, mbona baadaye walikubali kuuawa kwa ajili ya kitu walichokuwa wamekificha wenyewe?

Mzee Johnstone hakufurahi. Yeye ni mzee wa kanisa, na kazi yake ilikuwa mkuu wa walinzi katika nyumba moja kubwa ya ufukweni, kwa hiyo kushuku watu ilikuwa riziki yake. Lakini alimwambia Seth kwamba mtoto akifundishwa kushuku Jumapili, Jumatatu atamshuku babake.

Jumapili moja Gillian akainua mkono. Alikuwa ametulia tangu mwanzo wa kesi.

"Kaburi tupu si ushahidi," alisema. "Mimi ninalijua kaburi ambalo hamna mtu, na hakuna aliyefufuka."

Wenzake walicheka wakidhani ni mzaha, na Seth naye akadhani hivyo. Mimi sikucheka. Nilifikiri labda amesikia maneno ya watu, na kwamba mamake atajua la kumwambia. Wiki iliyofuata nikafunga furushi, maana mabenchi yalikuwa yamekwisha na Vanga walikuwa wakiningoja.

Kumbe mtoto alikuwa akiifuata kesi yake mwenyewe. Alimwuliza mamake ni nani amezikwa kule bara, akajibiwa: babako. Akafikiri ni nani mwingine waliosafiri nao. Mmoja amehamia Nairobi, mmoja amefariki, waliobaki ni ndugu. Akabaki Babu Fondo, yaani mimi. Akaja kanisani, akakuta mlango umefungwa. Hapo ndipo alipomwambia mamake kwamba hataingia majini Jumamosi ya Pasaka.

Tulirudi mshikaki, dereva mbele, mimi katikati na furushi langu, Seth nyuma.

Kabla hatujafika nyumbani kwake tulimkuta Concepta akitungoja kando ya njia, bado amevaa sare ya udobi ya hotelini. Seth akabaki na dereva, nami nikasogea naye pembeni. Mwanzo alizungumza juu ya gauni jeupe aliloshona kwa ajili ya ubatizo, na namna mchungaji alivyomwuliza kulikoni. Kisha akaniangalia.

"Mzee Fondo, mwambie ni babake. Neno moja tu."

Nikamwuliza kwa nini.

"Akijua hayumo, atamngoja. Mimi ninamngoja mpaka leo. Nilikuwa pale, nilimwaga udongo kwa mkono wangu, na bado mlango ukigongwa jioni ninashtuka. Mtu asiye na kaburi hafi akaisha. Sitaki mtoto aishi hivyo."

Niliyaona maneno yake kuwa ya kweli. Si mtu wa kudanganya kwa tabia. Alikuwa amembebea mtoto mzigo na sasa hajui pa kuutua. Nikamwambia sitasema uongo kwa sababu mtoto huyo atanishika kabla sijaumaliza. Lakini pia sitamtangulia kusema, maana mwenye habari ni yeye.

"Na akinichukia?"

"Hilo silijui, mama Gillian."

Chumba chao ni kimoja, katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba pande mbili za ukumbi. Gillian alikuwa ameshaniwekea stuli. Alinipa shikamoo kwa adabu, nikamwitikia marahaba. Kisha akamgeukia mamake.

"Mama, tafadhali ungoje nje. Mashahidi hawaulizwi pamoja."

Concepta akatoka. Niliona vidole vyake vimebaki vimeshika pazia la mlango.

"Babu, ulikuwepo siku ya mazishi?"

"Nilikuwepo."

"Ulisimama wapi?"

"Upande wa kichwani. Nilishika kamba moja ya kuteremshia jeneza."

"Lilikuwa zito?"

Swali hilo lilinishinda kidogo. Mgomba una maji mengi, ni mzito kuliko watu wanavyodhani. Nikamwambia lilikuwa zito.

"Ndani mlikuwa na nani?"

Niliangalia pazia. Nilikuwa nimeshaamua kujibu, na ulimi ulikuwa umeshasogea, lakini nilikawia zaidi ya ilivyohitajika. Pazia likafunguka. Concepta akaingia, akakaa kitandani, mikono kati ya magoti.

"Mgomba," alisema. "Ulikuwa mgomba. Mimi ndiye niliyeuvalisha shati la kazi la babako. Nilifunga vifungo vyote, kile cha juu kikakataa kwa sababu mgomba ni mnene kuliko shingo ya mtu. Bibi akasema nifunge tu. Nikamwambia Austine hakuwa akifunga cha juu."

Gillian hakulia. Alimwangalia mamake kwa muda, kama mtu anayesoma kibao kilicho mbali.

"Niliuona," alisema. "Wanaume wawili waliupitisha nyuma ya jikoni. Ulikuwa unadondosha maji. Jikoni kuna dirisha, mama."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuuliza. Nilikuuliza tuliporudi, nikakuuliza Krismasi, nikakuuliza tena juzi. Nilitaka uniambie wewe."

Concepta akajifunika uso. Mimi nilitamani kuwa Vanga. Mtoto akaongea tena, sasa kwa sauti ndogo zaidi.

"Basi baba yuko wapi?"

"Sijui. Nafikiri yuko baharini. Sikumwona akifa wala sikuiona maiti yake. Hayo ndiyo ninayoyajua, mwanangu, sina mengine."

"Na ulisema nitamwona siku moja. Hilo nalo ni la mgomba?"

Hapo nikaelewa kesi yenyewe ilikuwa nini. Hakuwa akiuliza habari za kaburi la Butere. Alikuwa akipima kama watu wazima husema kweli juu ya wafu, maana wale waliomwambia baba amelala pale ndio wale wale waliomwambia Yesu hayumo kaburini. Kama la kwanza ni la kuwanyamazisha watoto, kwa nini la pili lisiwe?

Concepta naye alielewa. Alifikiri kabla ya kujibu, nikamheshimu kwa hilo.

"La kaburi nilijua si kweli, nikalisema hivyo hivyo. Hili sikulitunga mimi. Hili nililipokea, na ninaliamini. Siwezi kukuambia ninalijua kama ninavyoujua mgomba."

"Unaliamini kwa nini?"

"Nitakuja Jumapili tuulize sote."

Mtoto alisogea, akaketi karibu yake, mabega yakagusana. Nikatoka bila kuaga. Nje Seth aliniuliza imekuwaje, nikamwambia mama amesema mwenyewe.

Jumapili hiyo ilikuwa ya matawi, ya mwisho kabla ya ubatizo. Nililala kanisani nikaahirisha Vanga. Concepta alikuja darasa la watoto akaketi nyuma pamoja nami. Mzee Johnstone naye alikuja akaketi mbele, miguu mbali mbali, na sote tulijua amekuja kuifunga kesi. Seth alitokwa na jasho. Akaanza kwa mashahidi: ni nani waliosema wamemwona, na wanaaminika vipi?

Gillian akainua mkono akauliza, usiku ule Petro alipomkana Yesu, ni nani waliokuwepo?

"Jogoo," alisema Mapenzi.

Watoto wakacheka, na hata Mzee Johnstone akakohoa kuficha kitu.

"Jogoo hakusimulia," Gillian akamjibu. "Wengine?"

Kahaso akasema kijakazi, na watu waliokuwa wakiota moto.

"Haya. Na alipotoka nje peke yake akalia, nani alimwona?"

Mapenzi alifungua mdomo akaufunga.

"Basi aliyesimulia ni yeye," alisema Gillian. "Wakati huo alikuwa mkubwa wao, watu wote wanamheshimu. Angeweza kulificha. Akasema mimi nilimkana, tena nikaapa, tena nikalia. Mtu akitunga hadithi hujiweka pazuri. Mtu akisema jambo linalomwaibisha mbele ya mtu anayempenda, mimi ninamsikiliza."

Hakugeuka kumtazama mamake. Concepta alikuwa akitazama mikono yake, lakini alikaa wima.

Seth akapata nguvu. Akasema ndivyo ilivyo na wale wanawake. Enzi zile neno la mwanamke halikupewa uzito mbele ya mahakimu, na mtu anayetunga habari ili aaminiwe asingewaweka wanawake kuwa wa kwanza kuliona kaburi. Angewaweka wazee wenye ndevu.

"Hata sasa wangewekwa wenye ndevu," alisema Kahaso.

Lakini Gillian hakuwa amemaliza. Akasema bibi yake kule bara hadanganyi, na bibi yake alimwona baba sokoni mwaka jana, akamwita kwa jina, na mtu huyo alipogeuka hakuwa yeye. Alimwona kwa kuwa alitaka kumwona. Je, Petro na wenzake?

Walimu wengi niliopita mikononi mwao, na nimepita mikononi mwa wengi kwa vipande vipande, hapo wangeanza kupaza sauti. Seth alisema hilo ni gumu. Akatembea hadi dirishani na kurudi. Kisha akasema, polepole, kwamba bibi alipomwangalia vizuri alikuta si yeye, lakini hawa wanasema walipomwangalia vizuri walikuta ni yeye. Walikula naye. Tena si wote waliotaka. Tomaso alikataa kabisa mpaka aguse. Na Paulo hakuwa akimlilia. Alikuwa akiwawinda watu wake.

"Haya," alisema Gillian. "Hilo nitalifikiria."

Mzee Johnstone akasimama. Nilidhani sasa ataifunga. Akamwuliza mtoto moja kwa moja: amesikia, ameuliza, sasa ameamini au hajaamini? Jumamosi watu wanakwenda baharini.

Gillian naye alisimama, maana si adabu kumjibu mzee ukiwa umekaa.

"Nimeamini Petro hakudanganya, mzee. Kama alikosea, hilo bado sijalijua. Nikiingia majini Jumamosi nitakuwa nimesema kitu nisichokijua."

Mabati yalikuwa yakilia kwa jua. Mzee Johnstone alibaki amesimama, akifikiri, akivuta shati lake kiunoni. Akatuambia kwamba swali lile ameshawauliza watu wengi katika uzee wake wa kanisa, na wote hujibu ndiyo kabla hajalimaliza, na wengine hajawaona tena tangu siku walipokauka maji.

"Basi ngoja," alimwambia. "Bahari haihami."

Akaketi. Kisha akamwuliza Seth ile hoja ya kuiba mwili waliifikisha wapi, kwa sababu yeye kama mlinzi angependa kujua wale askari wa kaburini walikuwa wakifanya nini.

Concepta alikunja gauni jeupe jioni ile akalitia sandukuni. Hakumlaumu mtoto. Alimwuliza kama anataka kwenda bara likizo wakalione kaburi pamoja, na Gillian akasema ndiyo, lakini wasiweke maua, wakae tu.

Pasaka ile walibatizwa watoto wanane, Mapenzi na Kahaso wakiwemo. Gillian aliwashikia taulo. Yeye alibatizwa mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, peke yake. Gauni lilikuwa limeshakuwa fupi, akavaa la mamake. Sasa yuko gredi ya nane na anasema atasomea sheria, ingawa mwezi uliopita alisema udaktari. Concepta bado anafanya kazi ya udobi hotelini. Mama mkwe wake alikasirika alipojua siri imetoka, akakaa mwaka bila kumpigia simu, kisha akapiga. Mzee Johnstone aliacha ulinzi akarudi kwao bara kulima. Mapenzi anacheza mpira na haonekani sana kanisani. Kahaso ameondoka Ukunda. Amerudi Kinango kwa wazazi wake. Seth alipata kazi ya kutembeza wageni Shimoni na ameoa. Darasa lake limechukuliwa na Veronicah, dada mmoja anayekaa Waa, ambaye hapendi kesi, anapenda nyimbo. Austine hajaonekana. Mimi nilifika Vanga nikakuta kazi imepewa mtu mwingine, nikaenda Lungalunga, na nipo huko hadi sasa nikichunga ghala la mahindi.